Kesi ya Ngolo Ilisema Nini

Wanzagi alikuwa anaongea vizuri mpaka Mbuke aliposhuka kwenye Landrova.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya boma lake pale Nyamuswa, kofia ameiweka gotini, akimweleza Koplo Selestina jinsi alivyoibiwa. Hakuwa mtu wa kubabaika. Kila jambo aliliweka mahali pake, kama mtu anayepanga matofali.

"Ng'ombe sita, binti yangu. Za marehemu kaka yangu. Huyo mwanamke amezitoa zizini watu bado wamelala, ameziswaga njia ya Butiama. Kama siyo mgambo kumkamata barabarani, leo tungekuwa tunaongea hadithi nyingine."

"Huyo mwanamke ni nani kwenu, mzee?"

"Si mtu kwetu. Ni mtu wa kazi. Shemeji yangu Wankyo alimchukuaga ili amchotee maji, amlimie pamba. Wankyo amekufa, Mungu amlaze pema. Basi, na kazi imekwisha."

"Na hao watoto wawili wa Mbuke?"

"Wamezaliwa kwenye boma letu. Ni wa boma."

Hapo ndipo mlango wa nyuma wa Landrova ulipofunguliwa. Mgambo alimshusha Mbuke ili aje kuonyesha lile zizi na mlango aliotolea ng'ombe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, miguu imejaa vumbi la rumande. Wanzagi alimwona. Alinyamaza katikati ya neno, akanyanyuka, akabeba kigoda chake, akazunguka nyuma ya ghala la mtama.

Selestina alibaki anaongea na ukuta wa fito.

"Mzee Wanzagi?"

"Uliza tu," sauti ilijibu kutoka nyuma ya ghala. "Masikio ninayo."

"Mbona umeondoka?"

"Nimefuata kivuli."

Selestina alitazama juu. Jua lilikuwa upande uleule wa nyuma ya ghala, linawaka kama limetumwa. Kivuli kilikuwa huku mbele, alikokiacha. Naye Mbuke alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, amegeukia zizi, ghala amelipa mgongo.

Mtu anayekimbia katikati ya maswali ana anachokificha. Ndivyo Selestina alivyofundishwa kazini. Alizunguka ghala. Alimkuta Wanzagi anatoka jasho juani, na kando yake rundo la majani makavu lililofunikwa gunia. Akamwamuru mgambo alifukue. Mgambo alifukua mpaka udongo ukaonekana. Palitoka mzinga mkuukuu wa nyuki, mipini miwili ya jembe, na kuku mmoja aliyekuwa analalia mayai na hakupenda kusumbuliwa.

"Unatafuta nini, binti?" Wanzagi aliuliza.

"Ulichoficha."

"Basi umekipata. Kuku. Mpeleke kituoni akaandike maelezo."

Wanawake waliokuwa jikoni walicheka. Selestina naye alitabasamu kidogo, maana alikuwa amestahili kuchekwa. Lakini alitazama tena kigoda, jua, na ule mgongo wa Mbuke. Hakuelewa alichokuwa anakiona, ila aliondoka nacho.

Zizini alimwuliza Mbuke, "Uliiba?"

"Nilihamisha."

"Kuna tofauti gani?"

"Mtu haibi kwake." Mbuke aliongea polepole, bila kuinamisha macho. "Wankyo hakuzaa mtoto wa kiume. Akanioa. Kwenu ziwani hamna nyumba ntobhu?"

"Nimeisikiaga tu."

"Sikia vizuri basi. Mwanamke asiye na mwana anatoa ng'ombe zake mwenyewe, anaoa msichana kwa ajili ya nyumba yake, kama vile anamwozea mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto nitakaowazaa ni wa nyumba hiyo, na ng'ombe ni za nyumba hiyo. Ng'ombe za mahari yangu zilitoka kwenye mlango huu huu, mchana, watu wanatazama. Sasa Wankyo amelala, na hii operesheni ya kuhamia vijijini imefika. Lori litakuja kutubeba. Mzee amesema tukifika kijiji kipya, mifugo yote inaingia zizi lake, watoto wanalala kwake, mimi nirudi kwetu nilikotoka. Ungekuwa wewe ungefanyaje, Koplo? Ungekaa kungoja lori?"

Mlangoni pa nyumba kubwa ya Wankyo binti wa Wanzagi alikuwa ameshika watoto wawili, kila mmoja kwa mkono wake. Mdogo alikuwa anavutana aachiwe. Mbuke alimtazama, akarudi mwenyewe kwenye Landrova bila kuambiwa. Mwizi wa ng'ombe siku hizo alikuwa anakwenda jela na viboko juu. Akifungwa, hao wawili hawatamjua tena.

*

Mahakama ya mwanzo pale Bunda ilijaa tangu asubuhi. Hakimu Mayala alikuwa Msukuma mnene, mpole wa sauti, aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Kulia na kushoto kwake waliketi wazee wawili washauri.

Wanzagi hakuwa na haja ya maneno mengi.

"Mheshimiwa, hili limeshaamuliwa zamani. Kesi ya Ngolo. Mwanamke haoi. Walikata rufaa mpaka Mahakama Kuu kule Mwanza, wakaambiwa hivyo hivyo. Sasa kama hakuoa, huyu si mke. Kama si mke, ng'ombe si zake. Kama si zake, kaiba."

Ukumbi mzima uliitikia kwa kichwa. Kesi ya Ngolo ilijulikana kuliko sala. Kwenye vilabu vya pombe watu waliitaja kama methali. Mwanamke akipandisha sauti kwenye kikao, mtu anamwambia "nenda kamwulize Ngolo," na mambo yanaishia hapo.

"Mzee, hiyo kesi umeisoma?" hakimu aliuliza.

"Nani asiyeijua?"

"Nimeuliza kama umeisoma."

"Mimi na kusoma wapi na wapi, Mheshimiwa!"

Watu walicheka. Hakimu Mayala alivua miwani, wakanyamaza.

"Mimi nimeisoma. Na sikatai, inanifunga. Wakubwa wakishaamua, siwezi mimi kuanza upya kila asubuhi kana kwamba jana hapakuwa na watu. Mtu wa Nyamuswa na mtu wa Butiama wakija na jambo moja, wapate jibu moja. Lakini inanifunga kwa sababu yake, hainifungi kwa jina lake. Na sababu waliyoandika ni kwamba wazee washauri waliona kwa macho yao, barazani, kuwa ukoo haukumchukua yule binti kama mke. Waliona nini? Hilo halikuandikwa. Kama na hapa mambo ni yaleyale, mshitakiwa ataenda jela. Kama siyo, basi kesi ya Ngolo ni ya Ngolo, si yake. Naahirisha mpaka Ijumaa."

Nje, Inspekta Enoka alikuwa anamngoja Selestina chini ya paa la veranda. Alikuwa mtu mwema, lakini mwaka ule kila mtu mwema alikuwa amechoka: huku malori ya operesheni, huku wizi wa mifugo, huku simu za Musoma.

"Funga hilo faili, Selestina."

"Afande, wale wazee waliona nini?"

"Wazee gani?"

"Wa kesi ya Ngolo."

"Wamekufa wote, wawili. Na wewe mla furu wa ziwani kule Makoko, habari za ng'ombe na mahari za watu wa huku unazijulia wapi? Watu wenyewe wanasema mwanamke haoi."

"Watu wanasema. Hakimu hakusema hivyo. Yeye kasema ukoo haukumchukua."

"Kuna tofauti gani?"

"Ndiyo nataka kuiona kabla sijampeleka mtu jela. Wazee wamekufa, Afande, lakini yule mwanamke aliyeshindwa na Ngolo hajafa. Yuko Butiama."

"Nikikukatalia?"

"Nitapanda basi."

Enoka alipiga kofi kwenye paja lake kama mtu anayeua mbu. "Landrova irudi na mafuta," alisema. "Na usimwambie mtu kuwa umeniomba ruhusa."

*

Nyamburi alikuwa anamenya mihogo mbele ya nyumba yake huko Butiama, kisu kinakwenda bila kutazamwa. Hakusimama alipoona sare ya polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunishitaki tena? Sina ng'ombe safari hii. Chukua mihogo."

"Nimekuja kuuliza kesi ya Ngolo."

Kisu kilisimama.

"Unajua," Nyamburi alisema, "nikienda kwenye msiba sitajwi jina langu. Wanasema, yule wa kesi ya Ngolo. Mimi nimekuwa fimbo, mwanangu. Kila mwanamke akidai cha nyumba yake, wananichukua mimi wananyoosha mgongo wake. Na sikuwapa ruhusa."

"Wanasema mahakama iliamua mwanamke haoi."

"Waongo!" Alirusha mhogo kwenye beseni, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya Selestina. "Washauri walikuwa wazee wa huku huku; mmoja mama yake mwenyewe alioa. Wangelitamka hilo kwa mdomo gani? Mimi nilishindwa kwa kitu kimoja. Nilikuwa ninadai kwamba binti niliyemwoa ni mke wa nyumba yangu. Kama ni mke wa nyumba yangu, basi kwa Ngolo, shemeji yangu, ni nani?"

"Ni kama mke wa mtoto wa kaka yake."

"Ni mkamwana wake. Si ndiyo? Sasa Ngolo, fisi yule, alisimama mbele ya baraza, akamwendea yule binti, akamshika mkono. Akautikisa hivi. Akamwambia, habari za siku nyingi, mrembo, mbona umenenepa? Binti akacheka. Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja mshauri akageuka kuniangalia, akaniambia, Nyamburi, baba mkwe gani anashika mkono wa mkamwana? Huyu kwenu hajawahi kuwa mke. Na ilikuwa kweli. Ukoo wa mume wangu haukunywa pombe yetu, haukuja, haukumheshimu hata siku moja. Wakamnyakua, wakanyakua na ng'ombe. Nilipokata rufaa, kule juu wakasema wazee wameona wenyewe, sisi tutasema nini?"

Selestina hakuandika chochote. Alikuwa amesimama, kalamu mkononi, anaona ghala la mtama. Anaona mtu na akili zake anabeba kigoda kutoka kivulini, anakwenda kukaa juani. Hata kwao Makoko babu yake alikuwa akiona mke wa mwanawe anakuja kisimani, anapitia miibani ili asikutane naye. Selestina alilikuta jambo hilo limekaa mchana kweupe, akalikimbilia gunia.

"Mama Nyamburi," alisema, "Ijumaa una kazi gani?"

"Kazi yangu unaiona. Mihogo."

"Acha mihogo. Njoo Bunda."

"Nije kufanya nini? Nishindwe mara ya pili?"

"Uje useme kesi yako ilisema nini. Maana wote wanaisema isipokuwa mwenyewe."

Nyamburi alifuta kisu kwenye gauni lake, upande huu, upande ule.

"Hilo gari lako," aliuliza, "lina kiti cha mbele?"

*

Ijumaa Wanzagi alivaa koti. Alijiona amekwisha shinda. Aliwasalimia watu kushoto na kulia kama bwana harusi. Mbuke alikuwa upande wa pili, kizimbani, na wakati wote Wanzagi aliketi kiubavu, uso ameuelekeza dirishani. Safari hii Selestina hakuutazama uso wake. Alitazama wazee washauri. Mmoja wao naye alikuwa anaangalia ule ubavu, anakuna ndevu.

Selestina alitoa ushahidi wake akiwa amesimama wima. Alieleza ng'ombe walikotoka na mlango waliotokea. Kisha akasema:

"Mheshimiwa, mahakama iliuliza wazee wa kesi ya Ngolo waliona nini. Nimeleta aliyekuwepo."

"Nani?"

Nyamburi alisimama nyuma ya ukumbi, kilemba kimefungwa barabara. "Mimi ndiye hiyo kesi ya Ngolo," alisema.

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Aliwangoja. Walipomaliza aliwaeleza, habari ya mkono, mrembo, na kicheko, bila kujipendelea hata kidogo. Alisema wazi: "Nilishindwa kwa haki ya siku ile. Ngolo hakumhesabu yule binti kuwa mkwe, na alionyesha. Ila sikushindwa kwa ajili ya wanawake wote. Nani aliwapa hiyo?"

Hakimu Mayala alikuwa amevua miwani zamani.

"Koplo, unaomba nini?"

"Naomba mlalamikaji afanye alichofanya Ngolo, Mheshimiwa. Amesema ataifuata kesi ya Ngolo. Na aifuate. Huyu kwake ni mtu wa kazi, si mtu kwao. Amsalimie kwa mkono."

Inspekta Enoka, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa.

"Ni haki," alisema yule mshauri wa ndevu. "Mzee Wanzagi, msalimie."

Wanzagi alisimama. "Mheshimiwa, hii ni mahakama au ngoma?"

"Mkono tu, mzee. Mimi hapa asubuhi nimeshika mikono ya watu wangapi?" hakimu aliuliza.

"Nina kidonda kiganjani."

"Tumia mwingine," mtu alidakia kutoka kwenye benchi.

"Kimya huko. Mzee?"

Wanzagi alivua kofia. Alipiga hatua kuelekea kizimbani, akapiga nyingine. Hakuna aliyecheka sasa. Akina mama wawili waliokuwa benchi la mbele waliinamisha nyuso zao chini, kama watu wanaokaribia kuona uchi wa mtu. Mbuke alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagota ukutani, kanga juu ya kichwa, mikono ameificha. Hakufundishwa na mtu kufanya hivyo. Alikuwa mshitakiwa, jela inamngoja, na bado alikuwa anamwepusha yule mzee na aibu.

Mkono wa Wanzagi ulinyanyuka mpaka usawa wa kiuno, ukakaa hapo. Jasho lilimtoka kama siku ile nyuma ya ghala.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?" hakimu aliuliza.

"Siwezi tu."

"Mtu wa kazi, mzee, unashindwa kumpa mkono?"

"Mnataka niwe mnyama?" Wanzagi alifoka, uso bado umegeukia dirishani. "Nina wajukuu! Watasema nilimshika mkono mkamwana wangu mbele ya watu!"

Sauti yake iligonga paa la bati, ikarudi kwake mwenyewe. Akaisikia. Akarudi kukaa, polepole, kofia imekunjika mkononi.

"Mkamwana wako," hakimu alirudia, bila kupandisha sauti. "Kaka yako alizaa mwana?"

Wanzagi alitikisa kichwa.

"Nani aliwaolea mkamwana huyu, basi?"

"Wankyo," alisema Wanzagi. Ilitoka kama mwiba.

Hakimu na washauri hawakwenda chumbani. Waliinamiana palepale mezani, vichwa vitatu, kisha hakimu akavaa miwani.

"Mlalamikaji alituomba tuifuate kesi ya Ngolo, na tumeifuata, wote watatu. Kesi ile inasema mke wa nyumba ntobhu ni yule ambaye ukoo umemchukua kuwa mke. Yule binti hawakumchukua. Huyu wamemchukua, na hatukuambiwa na yeye, tumeambiwa na mlalamikaji. Mbuke ni mke wa nyumba ya Wankyo. Ng'ombe ni za nyumba hiyo. Mtu haibi kwake. Yuko huru."

"Nitakata rufaa!" Wanzagi alisema.

"Ni haki yako."

"Mpaka Musoma! Mpaka Mwanza!"

Mbuke alikuwa ameshashuka kizimbani. Alisimama kando ya mlango, mbali naye, ameelekeza uso nje kama inavyopasa, na akamjibu kwa heshima zote. "Nenda, baba," alisema. "Ukifika kule, utanikuta nimetangulia."

Nje kwenye veranda Enoka alimvuta Selestina pembeni. Alikuwa anahangaika asijulikane kama amekasirika au anataka kucheka.

"Sasa sikiliza. Kuna muda wa rufaa. Ng'ombe wanabaki kituoni mpaka uishe. Ni vielelezo. Huo ni utaratibu, na hapo sitaki ubishi."

"Sina ubishi, Afande. Ng'ombe wabaki."

"Vizuri. Na yule mama arudi kwa ndugu zake angoje, na watoto wangoje palepale walipo, mpaka—"

"Watoto si vielelezo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu waliokuwa wanatoka ukumbini walisimama. Nyamburi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele cha Landrova, ameshika mlango kwa ndani. Mbuke alikuwa ameanza kutembea kwa miguu, njia ya Nyamuswa, haraka, hakuangalia nyuma kama anafuatwa au hafuatwi.

Enoka alitazama gari, akatazama barabara.

"Ukienda ukakuta wamefunga mlango?" aliuliza.

"Nitabisha hodi."

"Wasipofungua?"

Selestina alikuwa ameshapanda nyuma. "Hakimu amesema ni nyumba ya nani, Afande," alisema. "Mwenye nyumba yake akibisha mara moja, inatosha." Akapiga bati la gari kwa kiganja, na dereva akaliwasha.